Shogi

Punda wa Shekuwe amesimama chini ya dirisha langu,
shogi mbili ubavuni, mchanga kulia, kushoto bado tupu,
ameinama upande kama anayesikiliza siri ya ukuta.
"Subiri," Shekuwe amwambia punda, si mimi.
Koleo huku, koleo kule.
"Ndia hii haina nafasi ya kuyumba."

Nami huku juu, wiki ya tisa sasa,
nafunga kifurushi.

Si cha halua. Mama ameshauliza mara mbili.
Ni programu ya kulandanisha mafaili:
ninachoandika hapa Langoni kionekane kule,
kinachofutwa kule kifutike hapa,
mashine mbili ziamke asubuhi na kumbukumbu moja.
Aliyeiandika simjui sura.
Aliiandikia mfumo wenye wenyewe wengi.
Wetu ni jamaa ya Yuniksi, tawi la mbali;
watumiaji wake ukiwaalika pilau
sufuria moja itatosha, na ukoko utabaki.

Aliandika kana kwamba kila nyumba ina kengele:
faili likiguswa, kengele hulia, programu huamka.
Kwetu hakuna kengele. Kuna bawabu,
mlango mmoja bawabu mmoja,
na mabawabu ni wa kuhesabika.
Wakiisha, programu hutamka kosa moja
na kuzimika kama koroboi.
Nikashona kiraka, mistari kumi na saba.
Nikakifumua. Nikashona tena, mistari tisa.
Umeme ukakatika kwenye asilimia themanini na sita.

Kazi yenyewe ndiyo hii:
kunakili leseni bila kuruka nukta;
kutaja vitegemezi vyote, hata kile kidogo
kinachojificha nyuma ya kingine kama mtoto mbele ya wageni;
kukokotoa muhuri, herufi sitini na nne,
ikigeuka moja tu, furushi silo, lirudishe;
na kuorodhesha kila faili nitakaloweka kwenye mashine ya mtu
ili siku atakaponifukuza
nitoke na kila kilicho changu, nisisahau hata sindano.
Wageni wangapi hutoka hivyo?

Nikaijaribu kwa daftari la duka la marehemu baba.
Nakala moja kwangu, moja Malindi, Maweni, kwa kaka yangu Twalibu.
Mtandao ulilala siku mbili.
Ulipoamka, faili moja lilikuwa mawili.
Kwenye deni la Kombo Shali, magunia manne ya sukari,
mimi nilikuwa nimeandika: halijalipwa.
Twalibu, usiku uleule: nimemsamehe, baba angemsamehe.

Programu haikuchagua.
Ililiacha langu, ikaliweka na lake pembeni,
kwa jina refu lenye tarehe, na saa, na neno mgongano.

Ipo swichi: lililo jipya lishinde.
Mwandishi aliiacha imezimwa.
Wafungaji wengine huiwasha,
watu hawapendi kuulizwa.
Nikaitazama ile swichi mpaka chai ikafanya utando.
Langu lilikuwa jipya kwa dakika nne.
Ningeshinda
bila hata kujua kwamba kuna aliyeshindwa.

Sikuiwasha.
Nikampigia Twalibu. Tukazungumza sukari,
sukari ikatupeleka kwa baba,
mahali ambapo hatujafika pamoja tangu arubaini.
Deni? Bado hatujaafikiana. Faili bado ni mawili.

Leo alfajiri kifurushi kimekubaliwa.
Toleo la kwanza, nukta nne, nukta mbili.
Kwenye mstari wa mtunzaji kuna jina langu na la baba,
na hakuna atakayelisoma.
Watu huuliza kilichomo,
hawamuulizi aliyefunga kamba.

Shekuwe anarudi na shogi tupu.
Punda anajikuna kwenye kona,
pale ukuta ulipochubuka, mkwaruzo mrefu
kimo cha mbavu zake:
hapo, siku moja, mtu alifunga vibaya.